Tovuti tatu zimenipa bei tatu za nyumba moja hapa Dodoma, ipi ya kuamini?

Mwenyeji wa Ilazo

Wakuu, habari za majukumu. Naomba msaada kwa wenye uelewa wa thamani za nyumba.

Nyumba ipo Ilazo, kiwanja kimepimwa, mita za mraba 600. Vyumba vitatu, kimoja masta, sebule, sehemu ya kulia, jiko na stoo. Kwa kipimo cha nje ya kuta ni mita 11.2 kwa 13. Tofali za saruji, bati la migongo mipana geji 28, dari ya jipsamu, madirisha ya alumini, fensi pande zote. Ina miaka minane tangu ihamiwe.

Nimejaza taarifa hizo hizo sehemu tatu. Tovuti ya kwanza ya matangazo imenipa milioni 88. Ya pili milioni 132. Programu ya simu, ambayo inajieleza kuwa inatumia akili mnemba, imenipa milioni 165.

Tunafikiria ama kuuza ama kuiweka rehani benki. Je, ipi ina ukweli? Nikichukua wastani wa zote tatu, kama milioni 128, nitakuwa salama? Na benki itakubali hizo karatasi nikizichapisha?

---

Mita za Mraba

Mkuu, usichukue wastani. Wastani una maana pale ambapo vipimo vitatu vimepima kitu kimoja na kila kimoja kimekosea kidogo upande wake. Hizo tovuti kwa kawaida zinaelemea upande mmoja, wa juu, na sababu yake ni hii.

Kikokotoo cha bei mtandaoni hakiijui nyumba yako. Kinachukua nyumba nyingine zilizopo kwenye hifadhi yake, kinatafuta zinazofanana na yako kwa eneo, idadi ya vyumba na ukubwa wa kiwanja, kisha kinakisia. Kwa hiyo swali la kwanza la kukiuliza ni: hizo bei za nyumba nyingine umezitoa wapi? Kwa Dodoma jibu ni moja tu, zimetoka kwenye matangazo. Ni bei anayoitaka muuzaji. Bei ambayo mnunuzi alilipa mwisho wa mazungumzo haiandikwi popote ambapo tovuti inaweza kuisoma. Inabaki kwenye mkataba wa mauziano, kwa wakili, na kwenye jalada la ardhi. Na hata hiyo ya kwenye mkataba si ya kuitegemea sana, maana wapo wanaoandika pungufu wakikwepa kodi.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii. Nyumba yenye bei nzuri inauzwa wiki mbili tatu na tangazo linaondolewa. Nyumba iliyotajiwa bei ya juu kupita kiasi inakaa mtandaoni mwaka mzima. Ukiingia leo kuhesabu matangazo yaliyopo, unahesabu zaidi yale ambayo soko limeyakataa. Kikokotoo kinajifunza kutoka kwenye rundo hilo. Ndiyo maana makosa yake yanaelemea juu.

Ongeza na marudio. Nyumba moja ya Kisasa inaweza kuwekwa na madalali watano, kila mmoja na bei yake: 140, 145, 150, 160, na mwingine ameweka 155 na picha ya jirani. Mtu akiangalia kwa macho anaona geti ni lile lile na mti wa mwarobaini ni ule ule. Programu inaona nyumba tano zinazothibitishana.

Na mahali penyewe wanapaelewa vibaya. Tangazo linaandikwa "Dodoma" tu, ramani inabandika alama katikati ya mji. Kiwanja cha Chamwino kinaingia kapu moja na cha Area D. Nyumba ya Nzuguni na ya Nkuhungu zinalinganishwa kwa kuwa zote zipo umbali karibu sawa kutoka mjini, wakati wanunuzi wake ni tofauti kabisa: anayefanya kazi Mji wa Serikali Mtumba anatazama Nzuguni, Ihumwa, Iyumbu na Njedengwa kabla hajafikiria upande mwingine wa mji.

Kuhusu benki: hawatazipokea. Mikopo ya rehani inataka ripoti ya mthamini aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016. Karatasi ya tovuti haina mtu wa kuwajibika nayo.

---

Takwimu Kanda ya Kati

Naongezea kwenye alichosema Mita za Mraba, kwa sababu wengi wanaziamini hizi programu kwa kuwa wamesikia Marekani zinafanya kazi.

Zillow, tovuti ya nyumba ya Marekani, walianza kutoa makadirio ya bei za nyumba kule mwaka 2006. Wanachapisha wenyewe kiwango cha makosa yao: kwa nyumba ambayo tayari ipo sokoni kosa la kati ni kama asilimia 2, na kwa nyumba ambayo haipo sokoni ni kama asilimia 7. Zisomwe vizuri hizo namba. Kosa la kati maana yake nusu ya nyumba zina kosa dogo kuliko hilo na nusu nyingine zina kosa kubwa zaidi. Nyumba ya dola 400,000 isiyo sokoni, asilimia 7 ni dola 28,000, na nusu ya wenye nyumba wanakosewa kwa zaidi ya hapo.

Kwa nini nyumba ikishatangazwa kosa linashuka ghafla kutoka 7 hadi 2? Kuta ni zile zile. Kilichobadilika ni kwamba programu sasa inaiona bei aliyoitaja muuzaji, na inasogea karibu nayo. Yaani usahihi mwingi unaosifiwa umeazimwa kwa wakala wa nyumba aliyekwenda kuitazama.

Na wao wana data ambayo sisi hatuna. Kule Uingereza na Wales, ofisi ya usajili wa ardhi inatoa hadharani bei halisi iliyolipwa kwa nyumba zilizouzwa, kuanzia mwaka 1995, na mtu yeyote anazipakua. Marekani sehemu nyingi bei za mauzo ni kumbukumbu za umma, na programu inasoma pia kumbukumbu za kodi ya majengo zinazoonyesha ukubwa, mwaka wa ujenzi na idadi ya vyumba. Lakini hata huko, majimbo kama Texas na Utah hayalazimishi bei ya mauzo kutangazwa, na kazi ya kukadiria inakuwa ngumu zaidi. Sasa Dodoma, kwa upande wa data, ni Texas bila hata madalali wenye mfumo mmoja wa kuweka matangazo.

Zillow hao hao waliwahi kununua nyumba wenyewe kwa kutegemea makadirio. Novemba 2021 walitangaza kuifunga biashara hiyo baada ya kujikuta wamenunua nyumba kwa bei kubwa kuliko ambayo wangeweza kuziuzia. Kampuni yenye wataalamu na data zote hizo. Tuwe waangalifu na kikokotoo kinachojazwa sehemu sita kwenye simu.

Jambo la mwisho: wapo wanaodhani serikali tayari ina thamani ya nyumba yao kwa kuwa wanakatwa kodi ya majengo kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Ile ni kiwango kimoja kwa nyumba zote za kawaida, iwe ya milioni 30 au ya milioni 300. Haisemi chochote kuhusu thamani.

---

Dalali wa Kisasa

Naheshimu michango ya waliotangulia, ila tusizitupe tovuti kabisa. Zina kazi yake ukijua namna ya kuzisoma. Usisome kile kikokotoo, soma matangazo yenyewe.

Chukua matangazo ya Ilazo, Kisasa, Swaswa na Ipagala tu, nyumba za vyumba vitatu. Ondoa yasiyotaja mita za kiwanja. Ondoa yasiyo na picha ya ndani. Linganisha picha, yenye geti moja hesabu moja, na chukua bei ya chini kati ya zile madalali walizoweka, kwa sababu hiyo ndiyo iko karibu na aliyoitaja mwenye nyumba. Nyingine zimeongezewa juu ili dalali apate chake. Tazama tarehe ya kwanza ya kuwekwa, usitazame ya "kusasishwa", kwa kuwa tangazo linasasishwa kila wiki lipande juu. Lililozidi miezi sita liweke pembeni.

Ukibaki na nyumba tano au sita, piga simu. Uliza maswali mawili: "mwisho ngapi?" na "ina hati au ofa?" (ofa ni barua ya kumilikishwa kiwanja kabla ya hati). Jibu la swali la kwanza kwenye simu, kabla hata hujaenda kuona, mara nyingi linashuka. Na ukienda na fedha mkononi linashuka tena. Hapo ndipo unaanza kuiona bei.

Bei za dola ziangalie sana. Kuna programu inabadilisha shilingi kuwa dola na kurudisha tena kwa kiwango cha siku tofauti. Tangazo la zamani linaonekana limepanda bei wakati hakuna aliyegusa kitu.

---

Hati Kwanza

Kitu kikubwa ambacho hakuna tovuti imekuuliza ni karatasi. Nyumba mbili zinazofanana hadi rangi, moja ina hati miliki ya miaka 99 na nyingine ina mkataba wa kununuliana wenye muhuri wa serikali ya mtaa tu, haziuzwi bei moja. Ya pili benki hazitaichukua kama rehani, kwa hiyo mnunuzi anayetegemea mkopo ameshatoka. Unabaki na wenye fedha taslimu, na hao wanajua kuwa hawana wapinzani.

Dodoma ina jambo lake la ziada. Hapa ardhi ilisimamiwa na CDA, mamlaka ya kuendeleza makao makuu, tangu mji ulipotangazwa kuwa makao makuu mwaka 1973, na hati zao zilikuwa za miaka 33. CDA ilivunjwa Mei 2017, shughuli zikahamia halmashauri, na ikaelekezwa wamiliki wapewe hati za miaka 99. Wapo ambao hadi leo wanashikilia karatasi za zamani wakidhani ni sawa tu. Kama umemilikishwa mwaka 1995 kwa miaka 33, umebakiwa na muda mfupi sana kwenye karatasi, na mnunuzi makini au benki wataliona hilo ukurasa wa kwanza.

Mkuu, kabla ya kuhangaika na bei, fanya upekuzi rasmi wa hati yako mwenyewe kwa Msajili wa Hati. Wengi hufanya upekuzi wa nyumba ya mtu na kusahau ya kwao. Angalia jina limeandikwa sawa na la kitambulisho cha NIDA, namba ya kiwanja na kitalu vinalingana na ramani ya upimaji, matumizi ni makazi au makazi na biashara, na hakuna zuio au rehani ya zamani ambayo mkopo wake uliisha lakini haikufutwa. Hiyo ya rehani kutofutwa inachelewesha mauzo mengi. Lipia kodi ya pango la ardhi yote ya nyuma, maana uhamisho hautaenda bila hiyo.

Kisha tazama barabara. Hifadhi ya barabara kuu na za mikoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, chini ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2007. Tovuti inaongeza bei kwa nyumba iliyo "karibu na lami". Kama fensi yako imeingia ndani ya hizo mita 30, au nyumba ina alama ya X ya kubomolewa, huo ukaribu unakula bei badala ya kuiongeza. Ilazo ndani haina tatizo hilo kwa barabara kuu, lakini wanaosoma uzi huu wenye nyumba karibu na barabara ya Dar, ya Iringa, ya Arusha au ya Singida wapime kwa futi kamba leo.

Kwa rehani na kwa kuuza, nyumba ya familia inahitaji ridhaa ya mwenza kwa maandishi.

---

Fundi Mkalama

Mimi niseme ya kwenye ukuta na chini yake.

Dodoma udongo haufanani. Kuna sehemu una kichanga chekundu kigumu, msingi unakaa vizuri. Ukishuka mabondeni unakuta mfinyanzi mweusi. Huo ukinyeshewa unavimba, ukikauka unasinyaa na kupasuka. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, halafu miezi saba mikavu kabisa. Kwa hiyo kila mwaka nyumba inanyanyuliwa na kushushwa. Msingi wa mawe usiofika chini ya ule mfinyanzi, bila mkanda wa zege wenye nondo chini na juu, hauwezi kuhimili hilo. Mitaa miwili inayopakana inaweza kuwa na udongo tofauti, na kwenye programu zote ni "Ilazo".

Namna ya kusoma ufa: ulio mwembamba kama unywele kwenye plasta, unaokwenda ovyo kama utando, ni plasta kukauka haraka. Huo ni wa rangi na ukarabati mdogo. Ufa unaoanzia kona ya dirisha au mlango na kupanda mshazari kwenda kwenye lenta, au unaofuata viungo vya tofali kama ngazi, huo umetoka chini. Ukizidi milimita 5, yaani unaingiza ncha ya kalamu, mnunuzi anayeleta fundi wake atakata fedha nyingi. Fungua milango yote pia. Mlango unaogoma wakati wa masika na kufunguka vizuri Septemba unakuonyesha kuwa fremu inapindishwa na sakafu inayocheza.

Maji nayo. Mji unategemea zaidi visima vya Mzakwe kwa DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, na mgao upo. Nyumba yenye mita ya DUWASA, tanki la lita 5,000 juu ya mnara, na mabomba yaliyounganishwa ili tanki lihudumie ndani yote, ina bei yake. Ya kisima cha uani inategemea ladha: maji ya chumvi yanakula koki, hita na mashine ya kufulia, na yanaacha ukoko mweupe kwenye marumaru za bafuni. Mnunuzi akiuona ukoko huo, anajua. Pima maji maabara, uwe na karatasi ya majibu mkononi.

---

Mwenyeji wa Ilazo

Asanteni sana wakuu, nimejifunza mengi. Hati ninayo ya miaka 99, pango limelipwa. Mita ya DUWASA ipo, tanki ni la lita 3,000. Nyufa zipo mbili, zote kona ya dirisha upande wa jiko, sijazipima.

Naomba sasa mtu anionyeshe hesabu yenyewe. Mthamini akija anafanyaje hadi afike kwenye namba? Nataka niwe na picha kabla sijamlipa mtu. Na je, nizibe nyufa na kupaka rangi kwanza?

---

Mthamini Kanda

Mkuu, nakuwekea hesabu kwa namba za mfano. Viwango vya bei ubadilishe kwa ulivyovipata wewe, lakini hatua ni hizi.

Nyumba za kuishi hapa kwetu huthaminiwa kwa njia mbili zinazokaguana. Ya kwanza ni kulinganisha na mauzo halisi ya karibu. Ya pili ni gharama: ardhi pembeni, jengo pembeni. Kwa kuwa mauzo halisi yenye kumbukumbu ni machache, njia ya gharama inabeba mzigo mkubwa.

Jengo. Mita 11.2 mara 13 ni mita za mraba 145.6. Uliza wakadiriaji majenzi na mafundi wawili watatu gharama ya kujenga leo kwa mita ya mraba, kwa kiwango cha umaliziaji kama chako. Tuseme ni shilingi 450,000. Inakuja 65,520,000. Hiyo ni nyumba mpya. Yako ina miaka minane. Ukiipa umri wa matumizi wa miaka 60, uchakavu ni 8 kwa 60, yaani asilimia 13.3, sawa na 8,736,000. Inabaki 56,784,000.

Vya nje. Fensi, geti, shimo la maji taka, mnara wa tanki, sakafu ya uani. Hivi navyo vinakatwa uchakavu. Tuseme vimebaki 6,500,000.

Ardhi. Hapa ndipo kosa kubwa hutokea. Usichukue bei ya viwanja vipya vya mradi wa halmashauri huko pembezoni, wala bei ya kiwanja cha kona kilichopo lami. Tafuta viwanja vitupu vilivyouzwa ndani ya Ilazo hiyo hiyo, ugawe bei kwa mita zake. Ofisi ya Mthamini Mkuu wa Serikali ina viwango elekezi vya thamani ya ardhi kwa maeneo, uliza kwa mthamini wa jiji uone vinasema nini kwa mtaa wako, halafu ulinganishe na soko. Tuseme umepata 45,000 kwa mita. Mara 600 ni 27,000,000.

Jumla 90,284,000. Mthamini atakaa kati ya milioni 85 na 95, kisha atatazama nyumba zilizouzwa kweli aone soko linakubali au linakataa. Soko linaweza kulipa pungufu ya gharama, hasa kwa nyumba kubwa kuliko mtaa wake. Umaliziaji wa gharama sana kwenye mtaa wa kawaida haurudi wote.

Ukaguzi wa tatu ni kodi ya kupangisha. Tuseme nyumba kama hiyo inapangishwa 350,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 4,200,000. Toa asilimia 15 ya matengenezo na miezi ya kukaa tupu, inabaki 3,570,000. Kwa thamani ya milioni 90, hiyo ni kama asilimia 4 kwa mwaka. Kwa ile milioni 165 ya programu ni asilimia 2.2. Mnunuzi wa kupangisha hawezi kukubali hiyo ya pili. Kwa hiyo hata bila kujua jinsi programu ilivyofika 165, unajua kuwa lazima awepo mtu anayeitaka nyumba hiyo hasa kwa kuishi na asiyejali mapato, na watu hao ni wachache.

Ona pia kuwa tovuti ya kwanza, ya milioni 88, imeangukia karibu. Usiipe sifa kwa hilo. Haikuuliza mita 145.6, haikuuliza hati, haikuona ufa. Ungeweza kuwa na jengo la mita 110 lenye vyumba vitatu hivyo hivyo, ingekupa 88 ile ile, na hesabu ya jengo pekee kwa viwango hivi ingeshuka kwa karibu milioni 14.

Sasa upande wa benki. Ripoti itakuwa na thamani mbili: ya soko, na ya mauzo ya haraka, yaani kile ambacho benki ingepata ikilazimika kuuza kwa muda mfupi. Ya pili huwa pungufu wazi. Ikiwa imewekwa asilimia 70, kwa milioni 90 unapata 63, na mkopo unapimwa kwa kutazama hiyo, ukiongezea kipato chako. Aliyepanga mradi wake akitegemea 165 atapata mshtuko mezani.

Kabla hujamlipa yeyote, nenda benki uombe orodha ya wathamini wanaowakubali. Watu wanalipia ripoti nzuri kabisa, kisha benki inasema huyu hayupo kwenye orodha yetu, wanalipa mara ya pili. Hakikisha jina lake lipo kwa Bodi ya Usajili wa Wathamini. Mwambie madhumuni kwa maandishi tangu mwanzo: rehani, mauzo, mirathi, bima. Ripoti ya bima haihesabu ardhi, kwa kuwa ardhi haiungui, na ukiipeleka sehemu nyingine itakuangusha. Kwa uhamisho wa milki, ripoti inaidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, kwa hiyo weka muda wa kutosha. Na kwenye mauzo, kodi ya ongezeko la mtaji kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, kwa hiyo tafuta risiti zako za ujenzi zote sasa: saruji, nondo, bati, mafundi. Gharama isiyo na ushahidi ni vigumu kuitetea, na faida yako kwenye karatasi itaonekana kubwa kuliko ilivyo.

Siku ya ukaguzi anatakiwa kupima mwenyewe kwa futi kamba, kuingia kila chumba, kupiga picha, na kutazama bikoni za kiwanja, yaani alama za mipaka. Akisimama getini dakika kumi na kuondoka, kataa.

---

Dalali wa Kisasa

Hapo kwenye bikoni naomba msisitizo. Zitafute kabla hajafika. Nyingi zimefukiwa na kifusi cha ujenzi au zimemezwa na fensi. Ikikosekana moja, na jirani naye amejenga kwa kukisia, mita 600 za kwenye hati zinaweza kuwa 570 uwanjani. Kwa 45,000 ya mfano wa mkuu hapo juu ni milioni 1.35, na ugomvi wa jirani juu yake.

---

Fundi Mkalama

Kuhusu nyufa: usizibe sasa. Ufa uliozibwa juu juu na kupakwa rangi mpya ukutani peke yake unaonekana kuliko ufa wenyewe. Mthamini au fundi wa mnunuzi akiona kiraka kipya kona ya dirisha atadhani unaficha makubwa, na atakata zaidi.

Fanya hivi. Pima upana kwa rula sehemu ya katikati, andika tarehe kwa kalamu ya risasi pembeni yake, na chora mstari mdogo pale ncha ya ufa inapoishia. Bandika kipande chembamba cha kioo kukatiza ufa kwa plasta ya jipsamu ncha zote mbili. Kikipasuka, ukuta bado unatembea. Kikikaa kizima kuanzia sasa hadi katikati ya masika, harakati zimetulia, na hapo ndipo unachimbua ufa, unaweka wavu wa chuma na plasta mpya yenye uwiano wa saruji moja kwa mchanga nne.

Wakati unasubiri, shughulikia chanzo. Jiko lipo upande huo, kwa hiyo kagua bomba la maji machafu kama halivuji chini ya sakafu. Ondoa bustani au migomba iliyo karibu na ukuta. Weka zege la kuzunguka nyumba upana wa mita moja likiinama kutoka ukutani, na maji ya bati yapelekwe mbali kwa mfereji. Mara nyingi ufa wa upande mmoja wa nyumba ni maji ya upande huo tu, na kuyaondoa ni nafuu kuliko kugusa msingi.

---

Mwenyeji wa Ilazo

Nimetoka kupima sasa hivi. Mmoja milimita 2, mwingine milimita 4. Na koki ya nje ya jiko inadondosha chini ya dirisha hilo hilo.

---

Fundi Mkalama

Badilisha hiyo koki kesho, kisha uweke kioo kwenye ule wa milimita 4. Kama unaenda benki kabla ya masika, mwonyeshe mthamini tarehe ulizoandika ukutani, na umwambie kuhusu koki kabla hajauliza.